Nimesikia nina waranti Tana River, niende au nijifiche?

Shikamoo Mzee Karani,

Kwanza naomba jina langu usilitaje. Mimi ni dereva wa kanta, lile lori dogo, hapa Mombasa, miaka kama tisa hivi kazi yangu ni kupanda Tana River kuchukua matikiti na maembe naleta soko la Kongowea. Sasa Oktoba 2023 nilikuwa natoka shamba usiku na mzigo umejaa, wale vijana wa kupakia wakapanda juu ya matikiti maana saa hizo hakuna gari ingine ya kuwarudisha kwao, kufika mbele nikasimamishwa kwenye kizuizi. Afande akamulika tochi akahesabu, watu saba juu. Nikapelekwa kituoni nikalala hapo, asubuhi tajiri akatuma pesa nikaweka dhamana ya keshi elfu kumi, nikapewa risiti na nikaambiwa tarehe ya korti ni mwezi wa 11.

Hiyo tarehe ilipofika ndio zile mvua za El Niño zimeshika, maji yamevuka barabara, mie nimelala njiani siku mbili na gari haiendi mbele wala nyuma. Nikampigia yule afande aliyenishika, akaniambia usijali, ile elfu kumi itachukuliwa na korti na kesi itakuwa imeisha. Nikaamini, nikarudi zangu Mombasa, maisha yakaendelea.

Sasa mwezi uliopita dereva mwenzangu amepita kizuizi kilekile, askari akamuuliza yule wa kanta ya bluu siku hizi yuko wapi, mwambie ana waranti. Mzee, tangu siku hiyo sijaenda huko tena, tajiri anauliza kwa nini nakataa mzigo wa Tana nashindwa kumwambia. Na kuna ejenti ananitafutia kazi ya udereva Qatar, anataka cheti cha tabia njema, nikifikiria kwenda kuweka vidole kwa CID tumbo linauma.

Kaka yangu anasema waranti ikipita miaka miwili inakufa yenyewe nitulie tu. Mke wangu anasema niende nikajisalimishe. Halafu kuna jamaa anajiita ana watu wake kortini, anataka elfu kumi na tano faili ilale. Namba ya kesi sina, hakimu simjui, hata sina uhakika kama hiyo waranti ni kweli ama ni kutishwa tu. Nikienda si watanifunga? Na ile elfu kumi yangu?

Dereva wa Matikiti, Mombasa

—

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili na nikacheka kidogo, usikasirike, nimecheka kwa sababu nimekaa masjala ya korti miaka 27, nusu yake kwenye vikorti vya mbali huko ambako hakimu ni mmoja, mwendesha mashtaka ni mmoja na mti wa mwarobaini ndio chumba cha kusubiri, na watu kama wewe nimewahudumia dirishani sijui mia ngapi. Dereva wa mkaa, mama wa samaki, mwalimu aliyeitwa kuwa shahidi akasahau, wote wanakuja na uso uleule kama mtu anayeenda kung'olewa jino. Na wengi walitoka jioni ileile wakaenda zao. Wale waliolala ndani ni wale walioletwa, wale waliokuja wenyewe ilikuwa nadra, hilo nataka ulishike kabla sijaenda mbali.

Tuanze na kaka yako. Mwambie kwa heshima kwamba hiyo sheria ya miaka miwili ameitoa kwake. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, sura ya 75, kifungu cha 102, inasema waranti inabaki na nguvu mpaka itekelezwe au mpaka ifutwe na korti ileile iliyoitoa. Haiozi. Nimeona waranti ya mtu aliyeondoka kijijini akiwa hana ndevu akarudi na wajukuu, karatasi imekuwa rangi ya chai lakini iko. Na kitu kingine, inaweza kutekelezwa mahali popote Kenya, kwa hiyo hii habari ya kukwepa Tana River ukidhani Mombasa uko salama ni kujidanganya, unachosaidia ni kumpotezea tajiri wako mzigo tu.

Na soma hayo maneno tena, ifutwe na korti iliyoitoa. Hapo sijaona neno polisi, sijaona ejenti, sijaona huyo jamaa wa elfu kumi na tano. Huyo hata akikuonyesha picha ya hakimu wamekula nyama pamoja, anachoweza kufanya ni kumhonga mtu afiche faili, na faili ikifichwa ndio balaa zaidi maana nakala ya waranti ilishaenda kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, iko kwenye daftari la kituo, na kwenye kompyuta ya korti kesi yako inaonekana bado inaendelea. Kwa hiyo siku unakamatwa, unapelekwa kortini, faili haionekani, na wewe unakaa sero wakati watu wanaitafuta faili uliyolipia ipotee. Nimeyaona haya kwa macho yangu, na aliyelipia hana hata pa kushtaki.

Sasa yule afande aliyekwambia dhamana ikichukuliwa kesi imeisha. Sijui kama alikuwa anakufariji au na yeye hajui, lakini huu ndio uongo ambao umewaletea waranti madereva wengi kuliko kosa lolote la barabarani. Dhamana ni ahadi kwamba utakuja, sio faini. Usipokuja, korti inaweza kuamuru hizo pesa zichukuliwe na serikali, na bado kesi ikabaki palepale na waranti juu yake. Unapoteza pesa na unatafutwa. Vitu viwili tofauti, na kwenye faili vinaandikwa mistari miwili tofauti.

Acha nikuonyeshe siku yako ilivyokwenda, maana najua kama nilikuwepo. Saa tatu na nusu karani anaita jina lako ndani, kimya. Askari wa korti anatoka mlangoni anaita mara tatu kwa sauti, wale mama wa chai wanageuka, kimya. Anarudi anasema hayupo mheshimiwa. Mwendesha mashtaka anasimama nusu, hata kiti hajakiacha vizuri, anaomba waranti. Hakimu anaandika kwa mkono, mstari mmoja na nusu: mshtakiwa hayupo, halafu herufi mbili, W/A, yaani waranti ya kukamatwa, halafu tarehe ya kutajwa. Sekunde kama ishirini. Hakuna aliyejua habari ya mafuriko yako, hakuna aliyekuchukia, kesi inayofuata ikaitwa. Kwa hiyo ukija usije na moyo wa mtu aliyeonewa, njoo na moyo wa mtu anayemaliza ule mstari.

Kuipata sasa. Umesema namba ya kesi huna, lakini risiti ya dhamana unayo? Barua imesema ulipewa, sasa ninaomba Mungu hukuitupa. Kwenye hiyo risiti kuna tarehe, jina la kituo, na mara nyingi namba ya OB, lile daftari la matukio la kituo. Ndio mkia wa ng'ombe huo, ushike. Masjala ya korti hatupangi faili kwa majina ya watu, tunapanga kwa namba na mwaka, ukija ukasema mimi ni Bakari natafuta kesi yangu karani atakutazama tu. Lakini ukisema nilikamatwa Oktoba 2023 na kituo fulani, kesi ya trafiki, nilitakiwa kortini mwezi wa 11 tarehe kadhaa, atafungua shajara ya siku hiyo au atatazama kwenye kompyuta, na kwenye orodha ya siku hiyo utakuwepo. Namba za miaka hii zinaanza na herufi E, ukiambiwa kitu kama Trafiki E halafu namba halafu 2023, andika mkononi kabisa.

Na angalia jina. Hii inasumbua sana. Polisi anaandika jina jinsi alivyolisikia saa sita ya usiku, Abdallah anakuwa Abdala, jina la baba linakuwa la kwanza, siku nyingine anaandika jina la utani uliloitwa na turniboi. Ukitafutwa usionekane usishangilie ukaenda nyumbani, mwambie karani ajaribu kwa tarehe na kituo na namba ya gari.

Unaweza kuanza kwa simu. Namba za vituo vya korti ziko kwenye tovuti ya Mahakama, na orodha za kesi za kila siku zinawekwa mtandaoni kupitia Kenya Law. Tangu Machi 2024 mfumo wa kufaili kwa mtandao umefunguliwa korti zote nchini. Lakini mwanangu, kesi ya 2023 ya korti ya shambani, ambako stima ikienda tunatoka nje kupunga upepo, usitegemee kila kitu kiko kwenye mtandao. Piga simu asubuhi kabla ya saa tatu, au mchana baada ya saa nane, katikati hapo karani yuko ndani na hakimu na simu inalia peke yake. Omba kuongea na karani wa trafiki. Ongea naye kwa adabu na ukweli, mwambie ulikosa tarehe na unataka kuja mwenyewe, umesikia kuna waranti na unaomba akusaidie namba. Karani hana pingu. Sisi mtu akipiga hivyo tulikuwa tunafurahi, maana ile faili inatusumbua na sisi, kila baada ya muda inatajwa, mshtakiwa hayupo, waranti iongezwe, mpaka unaichoka kama jirani asiyelipa deni.

Kama simu haishiki kabisa, tuma mtu. Lazima kuna mkulima au dalali wa matikiti mnayefanya kazi naye huko, mtumie picha ya risiti aende dirishani aulize, kuuliza hakumfungi mtu.

Akishakupa namba, muulize swali la pili ambalo watu wa mjini hawajui kuliuliza: hakimu anakaa lini? Mombasa hakimu akienda likizo kuna wengine. Huko hakimu mmoja akienda semina, au akipelekwa korti ya kuzunguka kwenye senta ya mbali, au akihamishwa na mpya hajafika, korti imekufa wiki nzima. Mimi nimeona mtu kafunga safari kutoka Nairobi kuja kujisalimisha akakuta mlango umefungwa, anatuuliza sasa nijisalimishe kwa nani? Tukamwambia rudi Jumanne. Kwa hiyo uliza. Na usiende Ijumaa. Ijumaa kesi zinaisha mapema, na ukikosa kusikizwa au mdhamini akichelewa, kuna Jumamosi na Jumapili katikati na hapo hakuna wa kukufungulia. Jumanne au Jumatano ndio siku zangu. Toka Mombasa siku moja kabla, ulale huko, saa mbili asubuhi uwe dirishani.

Vya kubeba: kitambulisho chenyewe na kopi mbili, risiti ya dhamana yenyewe sio picha, na ushahidi wa ile mvua. Hapa usidharau. Picha za gari imekwama maji zenye tarehe kwenye simu, meseji ulizoandikiana na tajiri siku hizo ukimwambia hatusongi, kama ulitumiwa pesa ya chakula njiani hiyo meseji ya M-Pesa ina tarehe na saa. Zipigishe chapa kwenye saiba, hakimu hatapokea simu yako aanze kusukuma picha za harusi ya binamu. Na ubebe mtu. Mke, ndugu, huyo dalali, mtu mzima mwenye kitambulisho, kwa sababu kama hakimu akitaka mdhamini au kama ikibidi kulipa kitu wewe uko kizimbani, huwezi kukimbia kwenda kutafuta pesa. Malipo usitume kwa namba ya simu ya mtu yeyote hata akiwa amevaa koti la korti, utapewa namba ya malipo na utapata risiti, bila risiti hujalipa.

Ukifika dirishani sema: nimekuja mwenyewe kwa kesi namba fulani, nilikosa tarehe, naomba faili iwekwe mbele ya mheshimiwa waranti iondolewe. Maneno hayohayo. Karani atatoa faili, atamwambia mwendesha mashtaka na askari wa korti. Sasa hapo askari anaweza kukwambia ukae ndani kwenye benchi la washtakiwa, au hata ukae kwenye chumba cha chini mpaka uitwe. Usihamaki, usianze kupiga simu kwa mbunge. Kisheria una waranti juu yako mpaka hakimu aseme vingine, askari anajilinda tu usije ukabadilisha mawazo ukatoka kwenda kunywa chai Malindi.

Ukiitwa, simama, ongea Kiswahili chako bila aibu. Sheria yetu inasema lugha ya korti za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na kama mtu hajui vyote viwili anapewa mkalimani bila kulipa. Watu wanajivunjia kesi kwa kung'ang'ania Kiingereza cha barabarani. Sema hivi, kwa mfano: mheshimiwa, naomba msamaha wa korti, tarehe hiyo nilikuwa njiani nakuja, mafuriko yakakata barabara, picha hizi hapa, halafu nilidanganyika nikadhani kesi imeisha, niliposikia bado ipo nimekuja mwenyewe, naomba waranti iondolewe. Basi, nyamaza. Usimtaje afande kwa jina, usianze hadithi ya tajiri na ya El Niño tangu 1997. Hakimu ana faili thelathini mezani, anachotafuta ni vitu viwili tu, kwa nini hukuja na kama utakuja tena.

Akiridhika ataandika waranti imeondolewa, na mara nyingi palepale utasomewa mashtaka kwa sababu hukuwahi kusomewa. Na hapa tega sikio maana hapa ndipo watu wanaumia. Karani atasoma kosa halafu atauliza, ni kweli au si kweli? Hayo maneno mawili, "ni kweli", ndio kukiri. Watu wanayasema kama wanavyosema naam. Nimeona dereva anasema ni kweli lakini hao abiria walipanda nikiwa sijui. Hiyo sio kukiri, hakimu makini ataandika amekana, lakini sio kila siku ni siku ya umakini. Kama kweli ulijua wale vijana saba wako juu na unataka imalizike, sema ni kweli, halafu ukipewa nafasi ya kujitetea ndio ueleze, hukuwa na kosa lingine, ulikuja mwenyewe, una familia. Utapigwa faini, unaweza kuomba ile dhamana yako ihesabiwe humo kama haijachukuliwa. Lakini kama unaona kuna shida, omba kwanza nakala ya karatasi ya mashtaka, ni haki yako kuisoma, kwa sababu wakati mwingine unakuta kumeongezwa na kosa ambalo hukulijua kabisa, bima imeisha, taa haiwaki. Usiseme ni kweli ili uwahi gari ya saa saba tu, hasa wewe unayetaka kwenda Qatar, hukumu inakufuata na unatakiwa kujua umehukumiwa kwa nini.

Kufungwa? Hofu yako kubwa najua ndio hiyo. Sikuahidi, mimi sio hakimu. Lakini Katiba kifungu cha 49 kinasema mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Kwa hiyo angalia kwenye karatasi ya mashtaka kosa lako ni kifungu gani, muulize karani au mwendesha mashtaka adhabu yake. Na hata kama limezidi hapo, bado una haki ya kuomba dhamana kwa masharti ya maana. Ila jua tu mara ya pili masharti yanapanda, safari hii anaweza kutaka mdhamini badala ya keshi peke yake, ndio maana nimesema ubebe mtu.

Umeniuliza, hapana hukuniuliza lakini wengine watauliza, kama inawezekana bila kusafiri. Kwa makosa madogo, kifungu cha 99 cha sheria hiyo kinampa hakimu ruhusa ya kutokudai mshtakiwa aje mwenyewe, akikiri kwa maandishi au akiwakilishwa na wakili. Na tangu korona korti nyingi zinasikiza kwa mtandao pia. Lakini kwa mtu ambaye tayari waranti imetoka, mahakimu wengi niliofanya nao kazi walitaka kumuona uso. Kama unaweza kumpata wakili, tafuta wa mji uleule wenye korti au wa karibu, usimchukue wa Mombasa utamlipia mafuta na chakula, yule wa huko kesho yake anaweza kuingia na faili tano kwa mpigo na anajua hakimu anakuja saa ngapi. Huna pesa, kuna huduma ya taifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na kuna Kituo cha Sheria ambao wapo tangu 1973, hata ushauri tu wa simu unatosha. Kwa kesi kama yako mie binafsi ningekwenda mwenyewe na mke wangu na picha zangu.

Na kama ukikamatwa kabla hujaenda, tuseme leo jioni pale Mtwapa. Usikimbie, usitoe pesa. Una haki ya kuambiwa unakamatwa kwa nini na kwa lugha unayoielewa, omba usomewe hiyo waranti, wakati mwingine nyuma yake hakimu ameandika kwamba ukiweka dhamana ya kiasi fulani na wadhamini uachiliwe hapohapo kituoni, na polisi asiposoma nyuma hakwambii. Ndani ya saa 24 unatakiwa uwe mbele ya korti, zikiishia usiku au wikendi basi siku ya korti inayofuata. Pigia mke wako simu ajue uko kituo gani, hilo la kwanza kabla ya mengine yote.

Sasa sehemu ambayo watu wote wanasahau, hata mawakili. Waranti imeondolewa, umelipa faini, umefurahi, unaruka kwenye gari. Subiri! Ile karatasi iliyoko kwa OCS nani ameiondoa? Korti inatakiwa kupeleka taarifa, lakini kati ya korti na kituo kuna pikipiki moja isiyo na mafuta. Mama mmoja wa samaki, namkumbuka kwa kanga yake ya kijani, aliondolewa waranti Jumatatu, Alhamisi akakamatwa sokoni kwa waranti ileile, askari mgeni kaikuta kwenye daftari. Akaletwa kwetu analia, hakimu mwenyewe akashika kichwa. Kwa hiyo kabla hujaondoka mjini omba nakala ya amri ya kuondoa waranti, yenye muhuri wa korti, ada yake ni ndogo. Toa kopi tatu. Moja ipeleke kituoni wewe mwenyewe, umkabidhi OCS au askari wa waranti, na umuombe akupigie muhuri na tarehe kwenye kopi yako kwamba amepokea. Moja ikae kwenye gari pamoja na bima. Moja nyumbani kwa mama watoto. Na picha kwenye simu. Ukisimamishwa kizuizi kilekile na yule afande akasema wewe ndiye wa kanta ya bluu, mpe karatasi asome.

Ile elfu kumi, kama haijaamriwa kuchukuliwa, inarudishwa kesi ikiisha, au inahesabiwa kwenye faini ukiomba. Kama imeamriwa, bado unaweza kumwambia hakimu sababu yako siku hiyohiyo unapoomba waranti iondolewe, usisubiri urudi mara nyingine. Kurudishiwa kunachukua muda, miezi, na watakudai risiti yenyewe. Watu wanakuja na risiti wameilaminisha, wino umeliwa na joto la ile mashine hakuna kinachosomeka. Yako usiilaminishe, iweke kwenye bahasha ndani ya kitabu, ipige picha leo usiku kabla hujalala.

Kuhusu Qatar, mwambie ejenti akupe wiki mbili tatu. Vidole kaweke baada ya kumaliza hili, utakaa kwenye foleni na karatasi yako mfukoni.

Na mke wako mwambie Mzee Karani anamsalimia, aandae chakula cha njiani, huko karibu na korti hoteli ni moja na saa sita pilau imeisha.

Mzee Karani